Mto Uliopita Chini ya Mihogo

Je, jiwe lile lilikuwa limekaa mahali pake, au lilikuwa limetembea?

Swali hilo lilininyima usingizi juma zima baada ya sherehe yangu ya kumaliza chuo. Wenzangu wengi wakimaliza chuo hukosa usingizi kwa sababu ya kazi, au ndoa, au safari. Mimi nilikosa usingizi kwa sababu ya jiwe. Nililala chali nikisikiliza mvua ya Bukavu juu ya mabati, na kila tone lililoanguka nililiona kichwani likitiririka kuelekea upande fulani, ila sikujua tena ni upande gani.

Niseme kwanza ni jiwe gani.

Kule Mwenga, juu ya mgongo wa milima, kuna mwamba wa mchanga. Si mchanga wa kuzoa kwa koleo. Ni mchanga ulioshikana ukawa jiwe, tabaka juu ya tabaka, mahali pengine una rangi ya chai ya maziwa, mahali pengine rangi ya ini. Mito ndiyo iliyouleta na kuulaza pale. Watu wakiniuliza ni zamani gani, huwa siwapi hesabu ya miaka, maana miaka ile hainiingii hata mimi. Nawaambia: kabla ya majani. Nchi kavu yote haikuwa na unyasi hata mmoja, wala mzizi wa kushika udongo. Kwa hiyo mito haikuwa na kingo kama mito tunayoijua. Ilitanda tu juu ya mchanga, ikagawanyika na kukutana na kugawanyika tena, kama nywele zinazosukwa na mtu asiye na haraka. Hapakuwa na chura. Hapakuwa na ndege wa kuja kunywa. Mvua ilinyesha juu ya nchi tupu, maji yakapita yakijisemea peke yake, na hakuna aliyeyasikia.

Nilipenda kufikiri juu ya mito hiyo hata kabla sijajua kuipima. Nikiwa ndani ya darasa, profesa akieleza, mimi nilikuwa nimeshavua viatu na kuingia kwenye maji yale, ya kufika kwenye kifundo cha mguu, chini ya anga lisilo na hata kunguru.

Kazi yangu ya mwisho chuoni ilikuwa kutafuta mto ule ulielekea wapi. Jambo hilo linawezekana, na si uchawi. Maji yakipita juu ya mchanga huacha viwimbi, mistari mistari kama ya kwenye bati. Kila kiwimbi kina mgongo wenye pande mbili: upande mmoja umelala taratibu, upande wa pili umekatika ghafla. Maji hupanda kwa upande uliolala na kushukia upande uliokatika. Mchanga ukiwahi kufunikwa na kugeuka jiwe, viwimbi hubaki. Unaweka dira juu yake, unasoma, unaandika. Mto umeondoka, lakini kidole chake kimebaki kikielekeza.

Nilikaa wiki tano kwa shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, ambaye nyumba yake iko juu kabisa ya kijiji, mahali ambapo njia ya magari imekata tamaa. Kila asubuhi nilitoka na nyundo, dira na daftari. Mahali pengi mwamba ulikuwa umelika na mvua, au umefunikwa na ukoka, na viwimbi vilivyobaki vilikuwa hafifu. Kimoja kiliniambia kaskazini, kingine mashariki, kingine hakikutaka kuniambia kitu. Nilirudi jioni nikiwa na daftari limejaa namba zilizogombana.

Na muda wote huo jiwe zuri kuliko yote lilikuwa uani kwa shangazi.

Lilikuwa bamba pana kama vitanda viwili vilivyounganishwa, limezama ardhini nusu ya unene wake, majani yakiwa yameota pande zote. Juu yake viwimbi vilikuwa vizima kabisa, kana kwamba maji yamepita jana. Wanawake wa pale jirani walilitumia kuanikia mihogo. Waliniambia hakuna turubai wala mkeka unaolishinda, kwa sababu hewa hupita katika vile vijifereji chini ya vipande vya mihogo, na mihogo hukauka pande zote mbili kwa pamoja. Jua likiwaka, bamba zima lilikuwa jeupe, na harufu kali ya mihogo ikaingia hadi kwenye nguo zangu.

Siku wanawake walipozoa mihogo yao nilipiga magoti kando ya jiwe. Nilipitisha kiganja juu ya viwimbi. Lilikuwa na joto kama mgongo wa mtu. Katika vijifereji kulikuwa na vumbi jeupe la mihogo, na kwa muda fulani, sijui mrefu kiasi gani, nilisahau kuwa ni vumbi. Niliona ni povu.

Kisha nikachukua nyundo.

Profesa wetu ana sheria moja anayoirudia mpaka wanafunzi wanaiigiza kwa sauti yake: kabla ya kupima, gonga. Mwamba uliokaa mahali pake tangu ulipozaliwa hujibu kwa sauti nzito, inayoshuka chini. Jiwe lililong'oka, hata likiwa kubwa kama nyumba, hujibu kwa sauti nyingine, ya juu juu. Jiwe lililong'oka halifai kupimwa, kwa kuwa hujui lilikuwa limetazama wapi.

Nilikuwa nimeinua mkono shangazi alipotoka jikoni mbio, mwiko wa bugali mkononi.

"Weye! Weye mutoto! Unataka kuvunja meza yetu?"

"Nagonga tu kidogo, tantine. Niisikie."

"Uisikie inasema nini? Apana! Ikipasuka, bamama ya hapa watanifukuza na nguo zangu. Pima na hiyo saa yako, ile nyundo peleka kule."

Saa alimaanisha dira. Niliweka nyundo chini. Mtu mwingine angecheka, angeeleza, angegonga taratibu pembeni. Mimi nilianza kuhesabu: amenipa kitanda chake, analala na wajukuu; amenichinjia kuku siku ya kwanza; nikipasua jiwe lake nitasemwa katika ukoo mpaka nizeeke. Nikaona aibu hata ya kuwa nimeinua mkono. Sikugonga. Nilipima, kiwimbi baada ya kiwimbi, mchana kutwa, na vyote vilisema neno moja: magharibi. Mto ulikwenda magharibi.

Niliporudi Bukavu na kuandika kazi yangu, zile namba zilizogombana niliziweka nyuma, kama watu wanavyowaweka watoto wenye kelele nyuma ya picha. Mbele niliweka bamba la shangazi. Profesa alisoma, akavua miwani, akasema hajawahi kuona viwimbi vilivyokubaliana vile. Siku ya kuitetea kazi yangu, jopo la walimu lilinipa alama nzuri. Profesa aliniambia kwenye ngazi, bila hata kusimama, kwamba nafasi ya asistanti, mwalimu msaidizi wa chuo, ingefunguka mwaka ule na alikuwa ameshataja jina langu. Tena alitaka ramani ya mto ule ichorwe kwa rangi kwenye ukuta wa koridori yetu, kubwa, ili wanafunzi wa mwaka wa kwanza waione kila siku wakipita.

Mama alipopata habari ya uasistanti hakungoja nimalize kueleza. Jioni ile ile njia yetu yote ilijua, kuanzia mwenye kiosk juu barabarani mpaka wale wanaokaa chini karibu na mtaro. Nikipita na bidon ya maji niliitwa: "Asistanti! Asistanti anachota maji?" Nami nilicheka, nikafurahi, halafu nikaanza kufikiri kama nimecheka vizuri.

Sherehe ilikuwa Jumamosi, nyumbani. Tulipika sombe ya majani ya mihogo na vidagaa vya sambaza, viti tuliazima kanisani. Shangazi alishuka kutoka Mwenga na gunia la unga, siku mbili njiani kwa sababu ya matope, akafika akiwa na nguvu kuliko sisi wote. Baada ya kula alitaka kuona kitabu cha kazi yangu ya chuo. Alikifungua magotini, akageuza kurasa kwa kidole alichokilamba, akafika kwenye picha ya bamba.

"Ah! Meza yetu!" akapiga kelele. "Bantu, muangalie, jiwe yetu iko ndani ya kitabu!"

Watu wakasogea. Mama akajivuna.

"Ile jiwe," shangazi akaendelea, akiwa amefurahi kupata wasikilizaji, "ilitutesa! Mwanzo, ilikuwa inaangalia jikoni yangu. Mvua ikinyesha, maji yote inafuata ile mistari, inaingia mu jikoni, inazima moto. Siku moja nikasema, basi. Tukafanya salongo, kazi ya wote pamoja, bamama tu, hakuna mwanaume hata mumoja. Tukakata migomba, tukaiweka chini yake, jiwe iteleze. Tukaizungusha! Tukaimba, tukaanguka, mwenye kuanguka tukamucheka. Kufika jioni, maji inaenda kwa njia, si kwangu tena."

Kila mtu alicheka. Mtu mmoja akauliza kama wanaume walikuwa wamelala. Shangazi akajibu kwamba wanaume walikuwa wamekaa pembeni wakitoa mashauri, na kicheko kikaanza upya.

Mimi nilikuwa nimeshika sahani ya mtu mwingine. Nakumbuka mafuta ya sambaza yakipoa kwenye ukingo wake.

"Lini, tantine?" niliuliza.

"Lini nini?"

"Lini mlilizungusha?"

"Eeh, zamani! Weye ulikuwa hujaanza masomo." Akanitazama. "Juu ya nini? Ulitaka nikungojee?"

Hivyo ndivyo nilivyojua, katikati ya sherehe ya kupongezwa kwa kujua.

Usiku ule na siku zilizofuata nilifikiri. Nikisema nilifikiri, namaanisha kwamba sikufanya kitu kingine. Nilijiambia kuwa huenda shangazi anatia chumvi. Huenda jiwe alilosimulia si lile. Nilijijibu kuwa alionyesha picha kwa kidole. Nilijiambia kuwa kama wamelizungusha nusu mzunguko kamili, basi nageuza tu mshale, magharibi inakuwa mashariki, na kazi imepona. Nikashika wazo hilo kama mtu anayeshika kamba. Jumatano nilimpigia simu. Alikuwa amesharudi kwake.

"Tantine, lile jiwe. Mlilizungusha nusu? Kichwa kikaja miguuni?"

"Weye bado uko na ile jiwe?" Nilisikia kuku nyuma yake. "Nusu, robo, nani alipima? Tuliisukuma mpaka maji ikaenda. Ilipokubali, tukaacha."

"Huwezi kukumbuka hata kidogo?"

"Mimi nakumbuka mugongo wangu. Iliniuma wiki mbili. Unataka tuirudishe? Tutairudisha! Lakini ukuje na pombe ya kasiksi, madumu matatu, na weye njo utasukuma mbele."

Alicheka mpaka akakohoa. Nilimshukuru na kukata simu. Kamba ikawa imenitoka mkononi. Jiwe lilikuwa limezungushwa kiasi ambacho hakuna aliyekipima, na mto wangu ulikuwa umezunguka pamoja nalo.

Alhamisi mvua kubwa ilinyesha mchana. Nyumba yetu imekaa kwenye mteremko, kama nyumba zote za kwetu. Paa la jirani wa chini liko usawa wa mlango wetu, na kati ya nyumba yake na yetu kuna mtaro ambao kila masika unakuwa mpana zaidi. Mvua ilipopungua nilitoka na khanga kichwani nikachuchumaa kando ya mtaro. Maji yalikuwa mekundu, ya haraka, lakini pale yalipopanuka, karibu na ngazi, yalitulia yakapita juu ya mchanga kidogo. Na pale, mbele ya macho yangu, viwimbi vilizaliwa. Kimoja, cha pili, cha tatu. Upande uliolala, upande uliokatika. Chembe zilipanda mgongo moja moja, zikafika kileleni, zikaanguka, na kiwimbi chote kikasogea chini kwa upana wa uzi.

Sijui nilikaa pale muda gani. Bukavu ilikuwa imefutika na ukungu. Ziwa halikuonekana, wala Rwanda ng'ambo, wala ngazi, wala mapaa. Yalibaki maji na mchanga, na nilihisi kwamba nikiinua kichwa nitaona nchi tupu mpaka mwisho wa macho, bila majani, na mito ikisukana. Niliwaza juu ya ziwa letu pia. Profesa alitufundisha kwamba hapo zamani maji ya upande huu yalikwenda kaskazini, mpaka volkano zikaziba njia, yakajaa, yakageuka, yakatafuta mlango wa kusini, na hivyo mto Ruzizi ukaanza kushuka kuelekea Kamanyola. Ziwa zima liligeuka. Nani anajali, nikajiuliza, mto mmoja wa kabla ya majani ulikwenda magharibi au wapi? Haukunywesha mtu. Hakuna atakayekwenda Mwenga na kugonga jiwe la mihogo. Nikinyamaza, mto hautalalamika.

Wazo hilo lilikuwa tamu. Lilikaa nami kama dakika moja.

Halafu nikachukua kijiti, nikakata kipande kidogo cha ule mchanga wenye viwimbi, nikajaribu kukizungusha bila kukivunja. Kilivunjika, bila shaka. Nikajaribu tena.

"Weye na diploma yako yote," mama alisema mlangoni, "unacheza na matope?"

Nilisimama. Magoti yangu yalikuwa mekundu.

"Siku tano huli. Unajigeuza kitandani mpaka mimi nasikia. Niambie ni kijana gani."

"Si kijana, mama. Ni jiwe."

Mama alitazama magoti yangu.

"Afadhali ingekuwa kijana," akasema, akaingia ndani kupepea makaa ya mbabula.

Sikuweza kumweleza. Nilianza mara mbili, na mara zote mbili mtu alipita nje akaniita asistanti, na mama akaitika kwa niaba yangu, "Yupo!", kwa sauti yenye furaha kiasi kwamba nilichukua bidon nikaenda kuchota maji. Baba alipofariki mama aliuza samaki wabichi sokoni miaka saba ili nisome. Nafasi ile haikuwa yangu peke yangu. Kama ingeondoka, ingeondoka pia kwenye midomo ya njia yetu yote, mlango kwa mlango, na mama angepita katikati yake na beseni kichwani.

Ijumaa nilitengeneza mpango. Nina kipaji cha mipango. Ningesubiri kiangazi, ningepanda Mwenga kimya kimya, ningetafuta chini ya bamba, katika udongo, alama ya mahali lilipokaa mwanzo, ningepima upya, na hapo ndipo ningemwambia profesa, nikiwa na jibu mkononi. Si kuficha, nilijiambia. Ni kukamilisha. Niliandika sababu nane za kusubiri kwenye ukurasa wa nyuma wa daftari. Zote zilikuwa nzuri. Niliposoma upya niligundua kwamba neno "profesa" lilikuwa katika kila sababu, na neno "mto" halikuwa hata katika moja.

Jumatatu ilikuwa siku ya ukuta. Profesa alikuwa amesema mchoraji angeanza saa nne, nami nilipanga kufika saa tatu, ingawa sikuwa nimeamua nifike kufanya nini. Pikipiki niliyopanda ilizimika kwenye mwinuko, tukaisukuma wote wawili, na nilipoingia koridorini saa nne ilikuwa imepita. Harufu ya rangi ilinifikia kwanza.

Mchoraji alikuwa mtu wa makamo anayechora vibao vya saluni na maduka mjini. Kwenye kuta za saluni nyingi za Bukavu kuna vichwa vilivyonyolewa alivyovichora yeye. Alikuwa juu ya meza, akiwa na kopo la buluu. Na mto ulikuwa pale. Alikuwa ameanza mapema.

Sikuwa nimetarajia uwe mzuri. Ulianzia karibu na mlango wa maabara, mwembamba, ukatanuka, ukagawanyika katika mikono mingi juu ya mandhari ya manjano, ukakutana, ukagawanyika, mpaka kwenye dirisha. Mwanga wa dirisha ulianguka juu ya rangi mbichi na mto ukang'aa, ukawa kama unasogea. Mwishoni mwake, kando ya dirisha, alikuwa ameweka kichwa cha mshale, kikubwa, chenye kingo safi. Magharibi.

Wanafunzi wawili wa mwaka wa kwanza walikuwa wamekaa sakafuni, migongo ukutani, wakinakili kwenye madaftari yao.

Profesa alikuwa kwenye kigoda, na buti zake za matope ambazo huvaa hata siku asizotoka ofisini, akibishana na mchoraji.

"Nimekwambia hakuna samaki."

"Prof, nitie kamoja tu. Kadogo. Pale kwa kona."

"Samaki walikuwa bado hawajatokea duniani."

"Basi kiboko."

"Kiboko ndiyo kabisa!"

"Mto bila samaki, bila kiboko," mchoraji alisema akitikisa kichwa, "hii njo mto ya namna gani? Bantu watasema sijui kazi." Kisha akaniona. "Ah, mwenye mto huyu hapa! Maman asistanti, ukuje uone. Niambie kweli: mushale huu nimeutia sawa?"

Lilikuwa swali la fundi kuhusu kazi yake. Alitaka kusikia kama kingo zimenyooka. Neno "ndiyo" lilikuwa fupi, lilikuwa tayari kwenye ulimi, na profesa alikuwa ananitazama akitabasamu, na wale wanafunzi wawili walikuwa wameinua kalamu. Nilitazama mshale. Nilihisi kiganjani lile joto la bamba, vumbi jeupe kwenye vijifereji, na chini yake wanawake wanane au kumi wakisukuma, wakiteleza, wakichekana, na mto mzima, na anga lake lisilo na kunguru, ukigeuka taratibu juu ya migomba.

Sababu zangu nane zilikuwa mkobani. Sikuzitoa.

"Prof," nilisema. "Lile jiwe lilitembea."

Hakuelewa mara moja. "Jiwe lipi?"

"Bamba. La shangazi yangu. Walilizungusha zamani, wanawake wa pale, kwa sababu ya maji ya mvua. Nilijua siku ya sherehe."

Tabasamu lake halikuondoka ghafla. Lilibaki kidogo usoni kama limesahauliwa.

"Uligonga?"

"Sikugonga."

"Juu ya nini hukugonga?"

"Tantine alinikataza. Wanaanikia mihogo."

Mchoraji alicheka, akaona hakuna mwingine anayecheka, akaacha. Profesa alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati, akaivaa, akautazama ukuta, si mimi.

"Sasa mto ulikwenda wapi?"

Hilo ndilo swali nililokuwa nalikimbia tangu Jumamosi. Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira yake, kwa alama kufutwa, kwa mama na beseni lake. Sikuwa nimejiandaa kwa jinsi jibu lilivyokuwa jepesi mdomoni.

"Sijui, Prof."

Nje mtu alikuwa anafagia maji.

"Namba zako nyingine," alisema baadaye, "zile ulizoweka nyuma. Zilisema nini?"

"Ziligombana."

"Acha zigombane. Ziweke mbele." Alisimama, buti zikalia. "Ile nafasi tutaiongea nikishasoma upya. Siahidi kitu."

"Ndiyo, Prof."

Aliingia ofisini. Mlango haukufungwa kwa nguvu, wala haukuachwa wazi. Mchoraji alinitazama kutoka juu ya meza, brashi ikidondosha buluu kwenye gazeti.

"Maman," aliuliza kwa sauti ya chini, "sasa mimi nifanye namna gani?"

Nilimwambia anipe kitambaa. Alikilowanisha mafuta ya taa, akanipa, akashuka, akanishikia meza isitikisike nilipopanda. Mmoja wa wale wanafunzi aliuliza kama afute na yeye kwenye daftari lake. Nikamwambia mto auache, afute kichwa cha mshale tu.

Rangi ilikuwa bado mbichi. Nilianza kwenye ncha.